Mwenye Kutazama Ana Deni

Mara nyingi tumewafundisha watoto ya kwamba si vema kuua ndege kwa mchezo. Fundisho hilo ni rahisi, na kila mtu hulikubali, hata yule mwenye manati mfukoni. Leo nataka kuleta mbele yenu swali jingine, ambalo mimi mwenyewe sikuliwaza mpaka nilipoulizwa na mtoto wa miaka kumi. Swali ni hili: Je, mtu atazamaye tu, asiyerusha jiwe wala kutega mtego, aweza kutenda ubaya? Yaani, je, jicho nalo laweza kunyang'anya?

Mimi ni katekista na mwalimu wa shule ya msingi ya misioni hapa Mususa, mojawapo ya komine nne za mji wa Butembo. Mji wetu umejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Hatuna majira ya joto na majira ya baridi kama watu wa Ulaya. Sisi tuna mvua na tuna kiangazi. Mwezi wa saba, shule zikifungwa kwa likizo kubwa, mvua hupungua, njia hukauka, na asubuhi ukungu hulala mabondeni hata jua lipande. Wakati huo nimezoea kuwachukua watoto wachache, kwa ruhusa ya wazazi wao, tukatembea pembezoni mwa mji, pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya maharage na migomba yanapoanza.

Hatuendi mbali. Tangu mwaka 2014 mauaji mengi yametokea katika nchi ya Beni, kaskazini yetu, na mtu mwenye busara hawapeleki watoto wa watu mahali asipouona mwisho wa njia. Basi hutembea saa mbili au tatu, nasi huwa tumekwisha kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Hata hivyo, katika mwendo huo mfupi, macho hayakosi kazi. Juu ya mabati yupo kitwitwi, mweusi na mweupe, atikisaye mkia kana kwamba ana haraka ya kwenda sokoni. Juu ya mikaratusi huzunguka mwewe. Kunguru mwenye shingo nyeupe hutembea jalalani kwa maringo ya mzee wa baraza. Mbayuwayu wa Ulaya hawapo mwezi wa saba; wamekwenda kwao kuzaa, nao watavuka tena jangwa la Sahara na kurudi Afrika baridi itakapoanza kule. Lakini ndege ambaye watoto humpenda kuliko wote ni chozi, yule mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, anyonyaye utamu wa maua. Hapa vilimani yupo mmoja ambaye dume lake lina mkia mrefu, na mwili wake hung'aa kama shaba iliyosuguliwa.

Kabla ya matembezi ya kwanza nilitoa amri: kila mtoto aache manati yake nyumbani. Nikawaambia, «Sisi hatutaua. Tutatazama, na mimi nitapiga picha kwa simu yangu, kisha tutaziona darasani shule itakapofunguliwa.» Watoto wakatii. Nami nilijiona mwema sana. Niliwaza moyoni kwamba nimewatoa katika ukali wa jiwe na kuwaingiza katika upole wa picha.

Siku ya pili tukaona kiota cha chozi. Kilining'inia katika kichaka kando ya shamba, kama mfuko mdogo wa majani makavu ulioshonwa kwa utando wa buibui, wenye mlango ubavuni. Kazi hiyo yote hufanywa na jike peke yake, naye ndiye aatamiaye. Ndani mlikuwamo yai moja tu, maana chozi wa namna hii kwa kawaida hutaga moja.

Sasa, wajua msomaji, simu haina lenzi ndefu kama kamera za mafundi. Mwenye simu akitaka picha kubwa, sharti asogee. Nikasogea. Majani yalikuwa yamekiziba kiota, mwanga haukutosha. Nikavunja vijitawi viwili ili jua liingie. Watoto kumi na mmoja wakasonga nyuma yangu, kila mmoja akitaka kuona, na nyasi zikalala chini ya miguu yetu. Jike aliruka mpaka mti wa pili, akawa analia kwa sauti nyembamba. Nilipiga picha nyingi. Moja ilikuwa nzuri sana: mlango wa kiota, na yai ndani yake likionekana kama punje ya haragwe.

Siku tatu baadaye tulipita tena. Kiota kilikuwa kimepasuliwa ubavu. Yai halikuwamo, wala jike hakuonekana. Sijui aliyefanya. Huenda ni kunguru, huenda ni nyoka, huenda ni mtoto wa nyumba ya jirani aliyeona njia ya nyasi zilizolala akaifuata. Lakini vile vijitawi viwili nilivyovivunja vilikuwa palepale mtaroni, majani yake yamenyauka.

Hapo mtoto mmoja, mpole, asiyesema mara nyingi, akaniambia: «Mwalimu, naomba kuuliza. Sisi tuliacha manati zetu nyumbani. Je, kama tusingalikuja hata kidogo, yai lingekuwamo?»

Nilinyamaza kitambo. Kisha nikajibu, «Huenda lingekuwamo.» Na tangu siku ile swali lake halijaniacha.

Labda mmoja wenu atasema: Mwalimu, wajisumbua bure, hukukusudia ubaya. Ni kweli, sikukusudia. Lakini yule mtoto hakuniuliza juu ya nia yangu. Aliniuliza juu ya yai. Na tena, tukichungua vizuri, nia yangu haikuwa safi kama nilivyodhani. Nilitaka picha. Nilitaka kuwa nayo mimi. Nilipovunja kijitawi cha kwanza sikuwa namtazama chozi tena. Nilikuwa natazama kitu changu ambacho sijakipata bado.

Ugonjwa huu wa kudhani kwamba kupata ni kuona si mpya. Katika Marekani ya karne ya 19 alikuwako mtu aitwaye John James Audubon, aliyechora ndege kwa ufundi ambao watu huustaajabia hata leo. Kitabu chake kikubwa kilitolewa kati ya mwaka 1827 na 1838. Lakini ili awachore, aliwapiga risasi kwanza, kisha akawafunga kwa nyaya ili wakae kama walio hai. Siku zile hapakuwa na njia nyingine rahisi, nami simhukumu. Nasema tu kwamba jicho la mtu yule lilitembea pamoja na bunduki.

Nasi tunayo habari ya kwetu, ya msitu wa Ituri ulio jirani. Mwaka 1913 kijana Mmarekani, jina lake James Chapin, alikuwa Avakubi pamoja na msafara wa jumba la makumbusho la New York, wakikusanya wanyama na ndege wa Kongo. Huko aliona katika kofia ya mtu wa msitu unyoya mmoja ambao hakuweza kuutambua. Akauchukua, akautunza. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936 alikuwa Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren, na huko, pembeni, akakuta ndege wawili waliokaushwa na kusimamishwa juu ya kibao. Kibandiko chao kilisema kwamba ni tausi wa Uhindi ambao bado ni wachanga. Chapin akatazama manyoya yao, akakumbuka unyoya wa Avakubi. Hawakuwa wa Uhindi. Walikuwa tausi wa Kongo, ndege apatikanaye katika misitu ya nchi hii tu, ambaye wataalamu wote walikuwa hawajampa jina. Mwaka uliofuata Chapin alirudi Kongo, akampata porini.

Tufikiri kidogo juu ya habari hiyo. Ndege wale wawili walikuwa mali ya jumba kubwa lenye watu wenye elimu. Waliwekwa, wakaandikwa, wakapangusiwa vumbi. Wala hapana aliyewaona. Kumbe yule mtu wa msitu aliyevaa kofia, asiyejua kusoma kibandiko, alimjua ndege yule anakolala na anakokula. Hivyo mtu aweza kuwa na kitu mkononi miaka mingi na asikione. Na mimi nilikuwa na picha nzuri ya kiota katika simu, lakini sikuwa nimeona jambo lililokuwa wazi kuliko yote, yaani kwamba majani yale yalikuwa mlango, na ukuta, na kufuli ya nyumba ya mwenzangu.

Baadaye kamera ilikuja, na watu wengi wakafurahi wakisema kwamba sasa bunduki itapumzika. Katika Uingereza walikuwako ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, watoto wa mashambani. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai, na tangu hapo wakaifanya kazi hiyo maisha yao yote. Kamera za siku zile zilikuwa nzito, tena zilihitaji mtu awe karibu. Basi wakaunda ng'ombe wa bandia kwa ngozi ya ng'ombe, mwenye uwazi tumboni, mmoja akaingia ndani yake na kungoja humo saa nyingi, ili ndege wasiogope. Watoto wangu walicheka sana nilipowasimulia habari hiyo. Lakini mimi naona ndani yake jambo la maana. Ndugu wale walijua kwamba mwili wa mtu ni tishio, hata kama mikono yake ni mitupu. Mtazamaji hawezi kusema, «Mimi ni mwema, kwa hiyo usiniogope.» Ndege hasomi mioyo, huona tu kitu kikubwa kinachomjia.

Siku hizi wapiga picha wa ndege walio waungwana wana sheria yao ya kwanza, nayo ni hii: uzima wa ndege ni mkuu kuliko picha. Sheria hiyo haikutungwa bure. Imetungwa kwa sababu wako wengi kama mimi, waliovunja vijitawi.

Sasa yafaa tujibu mashaka mawili.

Shaka la kwanza ni la mwenye njaa. Atasema: Mwalimu, mwanangu hupiga ndege kwa manati, akamchoma, akampa mdogo wake. Je, wewe na simu yako u mwema kuliko yeye? Najibu bila kuficha: huenda mimi si mwema kuliko yeye. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mna amri juu ya kiota. Amri hiyo haimkatazi msafiri kabisa asichukue makinda au mayai aliyoyakuta njiani. Yamkataza kumtwaa mama pamoja na watoto. Mama sharti aachwe aende zake. Yaani, mhitaji aweza kutwaa, lakini kwa mpaka. Kijana wa manati, kama ana njaa kweli, ajua kwamba ametwaa. Damu i mikononi mwake, naye hujua siku ya kutosha imefika. Mimi nilitwaa bila kujua kwamba natwaa, na mtu wa namna hiyo hana siku ya kusema, «Sasa basi.» Hatari kubwa ya jicho ni hiyo: halioni damu yake.

Shaka la pili ni zito zaidi. Wako watakaosema: Ndugu, watu wanauawa, wengine wamekimbia mashamba yao, nawe unakaa kuandika juu ya chozi? Neno hilo limenichoma mimi mwenyewe, tena usiku. Lakini nifikirie jambo moja. Sote tumeona, katika miaka hii, picha za maiti za ndugu zetu zikipitishwa kutoka simu hata simu. Sote tumeona mgeni akimsogelea mama aliyekimbia vita, amekaa chini na mzigo wake, na kabla ya kumwamkia amekwisha kuinua kamera. Wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020, wagonjwa wa mji huu nao walitazamwa hivyo. Sisemi kwamba picha hizo zote ni mbaya. Nyingine zimeleta msaada, na nyingine ni ushahidi ambao siku moja utatakiwa. Lakini twajua tofauti, kwa maana tumekuwa upande wa pili wa kamera. Twamjua mtu aliyetutazama akatuacha tulivyo, na mtu aliyetutazama akaondoka na kitu chetu.

Basi mtoto atajifunza wapi kutazama bila kunyang'anya? Si mbele ya maiti, huko amechelewa. Ajifunze mbele ya kiota. Akizoea kusimama mbali na kichaka kwa sababu ndani yake mna mama aatamiaye, mkono wake utasita pia atakapotaka kupiga picha ya machozi ya mtu. Kwa hiyo sidhani kwamba kutembea na watoto katika wakati wa taabu ni kupoteza muda.

Wazee husema: Mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni ya kweli, lakini mimi naongeza kwamba mwenye macho yafaa aambiwe namna ya kutazama. Bwana wetu alipowaagiza wanafunzi wawaangalie ndege wa angani, hakuwaagiza wawakamate wala wawakaribie. Aliwaacha ndege angani, na wanafunzi chini, na kati yao pana nafasi. Na ndani ya nafasi hiyo wanafunzi walipokea fundisho.

Nami naamini kwamba mwenye kupokea ana deni. Chozi hunipa furaha. Mimi simpi kitu, isipokuwa hofu. Basi deni langu ni la namna gani? Naliona katika mambo matatu.

Kwanza, umbali. Ndege akiacha kula, akilia, au akiruka kutoka kiotani kwa sababu yangu, nimekwisha kupita mpaka, nami nirudi nyuma mara moja, hata kama picha haijapatikana. Yai lisiloatamiwa hupoa, na asubuhi za vilima vyetu ni za baridi.

Pili, siri. Si kila tulichokiona ni cha kutangazwa. Kiota kikijulikana na watu kumi, kina njia kumi za kukifikia. Mtoto akijua kunyamaza juu ya kiota, amejifunza uaminifu ambao hata mabwana wazima wengi hawana.

Tatu, utunzaji. Haifai kusifu ndege na kukata kichaka chake. Mji wetu unakua, na kila mwaka nyumba hupanda mlima. Watu sharti walale, sikatai. Lakini tukiacha ua la miti na maua kando ya shamba, au tukipanda jingine shuleni, tumelipa sehemu ya deni.

Picha ile nzuri ya yai sikuifuta, kwa sababu niliona kuifuta ni kuficha kosa. Nimewaonyesha watoto, nikawaambia imetugharimu nini. Nanyi, walimu wenzangu na wazazi, mtakapotembea na watoto katika likizo ijayo, msiogope kuwaambia mlikokosea. Watoto hutufuata njiani. Afadhali wajue mashimo tuliyotumbukia.

Mwezi wa nane, kabla ya shule kufunguliwa, tulipita tena upande ule. Tulisimama barabarani, hatua thelathini kutoka kwenye vichaka. Tukangoja sana, hata wadogo wakaanza kukaa chini. Ndipo jike wa chozi akaja, hatukujua kama ni yule wa kwanza au mwingine, akiwa na kitu cheupe mdomoni. Alikuwa amebeba utando wa buibui. Nilipiga picha moja, nayo ndani ya simu ni kichaka tu; usipoambiwa hutajua kwamba mna ndege. Tulipokuwa tukirudi, wenzao wa mtaani wakatuuliza tumeona nini. Nikamgeukia yule mtoto mpole, nikamwacha ajibu yeye. Akasema, «Tumeona chozi anajenga.» Wakamwuliza, wapi? Akanitazama kidogo, kisha akawajibu, «Kule kilimani,» akaendelea na njia yake.